Dumu la Maji Kando ya Barabara ya Lukaya

Jumanne, 4 Juni 2024

Wamefika. Tangu Jumamosi mabasi yanawashusha getini, na kila mmoja amelikumbatia begi lake. Ndani mna vitu vilevile vilivyoagizwa kwenye tangazo: bukta ya bluu yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Wametoka kumaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi uliopita. Watakuwa nasi hapa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, kisha waende vyuoni. Wapo waliolitamani jeshi tangu utotoni, na wapo waliosindikizwa na mama zao kwa machozi.

Usiku huu nimeandika majina ya platuni yangu kwa mkono, yote, ingawa orodha iliyochapwa ninayo. Mbele ya kila jina nimeacha nafasi. Nataka kufikia Jumapili niwe nimeijaza: anatoka wapi, analala kitanda gani, anaumwa nini, nyumbani kuna nani. Mkuu wa kombania ana vijana wengi mno kuyajua haya. Mkufunzi wa platuni asipoyajua, hakuna mwingine atakayeyajua.

Nimepewa koplo mpya. Ni mchapakazi, kwata yake ni safi, na ana sauti. Jioni hii imesikika mpaka jikoni.

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa na koplo chini ya mwembe wa nyuma ya ghala, tukiwa wawili tu. Wiki nzima amefoka kuanzia saa kumi alfajiri hadi taa zinapozimwa, na seksheni yake ndiyo ya mwisho kwenye kila kitu. Aliniambia, "Afande, hawa bado ni raia. Nisipowakaripia hawasikii."

Nikamwambia wanasikia sana, ila wanachokisikia ni hasira, amri haiwafikii. Amri ya kwata ina sehemu mbili. Unasema "nyuma", unaacha pumzi, ndipo unasema "geuka". Pumzi ile ni mali ya kuruta. Ndani yake anakusanya miguu, anahamisha uzito, anajua sasa jambo linakuja. Koplo anapofoka anaimeza pumzi ile, vijana wanageuka kwa kushtuka, kila mmoja na wakati wake, halafu wanaadhibiwa kwa kosa ambalo si lao.

Jioni tumemweka mwisho wa uwanja na seksheni mwisho mwingine. Amri moja moja, sauti itoke tumboni, neno la ziada marufuku. Mara tatu za kwanza alishindwa kujizuia. Mara ya nne wakageuka wote pamoja, mlio mmoja. Nilimwona koplo akinyamaza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikamwacha aufaidi.

Jumatano, 19 Juni

Siku ya miguu. Nimepita kitanda kwa kitanda, kila kijana amevua soksi na kuinua nyayo. Wengine wanaona aibu. Wanadhani kwa afande wao ni unyonge kuonyesha kidonda.

Binti mmoja kutoka Lindi, mkimya, wa mwisho kila alfajiri kwenye mchakamchaka, alichelewa kuvua. Alipovua nikaona kisigino cha kushoto kimechunika mpaka nyama nyekundu, kimefungwa kipande cha kanga kilichogandamana na damu. Amekimbia nacho siku kadhaa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Niliogopa mtanirudisha nyumbani, afande."

Nililoweka kitambaa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka kikaachia chenyewe. Ukikivuta kikavu unaondoka na ngozi mpya. Tabibu wa zahanati akamsafisha na kumfunga. Kisha nikawaita wote wakae sakafuni, tukarudia somo la miguu kuanzia mwanzo: lengelenge halichunwi ngozi yake, maana ngozi ile ndiyo bandeji ya kwanza, soksi ikilowa inavuliwa na kuanikwa hata kama ni saa nane za usiku, katikati ya vidole pakaushwe kabla ya kulala, kamba za kiatu zikazwe chini na zilegezwe juu wakati wa kupanda kilima. Wanalifurahia somo hili kuliko la historia, nami nalipenda kuliko yote ninayofundisha.

Koplo alisimama mlangoni. Nilimwambia aingie, achukue beseni.

Jumamosi, 29 Juni

Maharage yameisha kabla hayajatufikia. Utaratibu wetu ni kuruta kwanza, kisha viongozi wa seksheni, kisha koplo, mwisho mimi. Tumekula ugali kwa chumvi, mbele yao, bila neno. Kesho mpishi atapima sawasawa, maana vijana wenyewe wameshakwenda kumwambia.

Alhamisi, 25 Julai

Siku ya Mashujaa. Asubuhi tumesimama paredi. Niliwasomea vijana habari fupi za vita vya Kagera, na za kambi ya Semuliki kule Beni, Kivu Kaskazini, ambako usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wa kulinda amani waliuawa. Mwaka ule nilikuwa nimesharudi kutoka Congo. Sikusema zaidi. Kuna mambo ambayo kijana wa miaka kumi na tisa ayasikie taratibu.

Jioni nimempigia simu baba mkubwa, kama nifanyavyo kila tarehe hii. Alikwenda vitani akiwa mwanamgambo. Ilikuwa ni baada ya majeshi ya Amin wa Uganda kuingia mwishoni mwa Oktoba 1978, wakajitwalia eneo lote la kaskazini ya mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita, jeshi dogo la wakati wa amani lilipanuliwa kwa wiki chache tu kwa wanamgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Baba mkubwa alikuwa mkulima wa pamba. Alifundishwa bunduki akapelekwa.

Kila mwaka ananisimulia Masaka na Kampala. Leo nilimuuliza Lukaya. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika.

Ninavyoyajua mapigano yale kutoka vitabuni ni hivi. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa walikuwa wanamgambo wasiowahi kuonja vita, ilikuwa Lukaya, mahali ambapo barabara ya Masaka kwenda Kampala inaingia kwenye kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakashambulia pamoja na Waganda wake kwa maroketi ya Katyusha. Roketi nyingi zilipita juu tu, waliokufa hawakuwa wengi, lakini mlio ulitosha. Brigedi ikavunjika, watu wakakimbia. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, ikaamriwa kuzunguka usiku kucha hadi barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 ikapiga kutoka nyuma, na 201, ileile iliyokimbia jioni, ikajipanga upya na kupiga kutoka mbele. Adui akavunjika yeye.

Nimeifundisha habari hii mara nyingi kwa ramani na mishale. Kila mara natumia muda mwingi kwa wale waliozunguka, maana ni ujanja mzuri wa kijeshi. Lakini swali langu la siku zote ni la hawa wengine. Mtu amekimbia saa moja jioni. Saa kumi na moja alfajiri anatembea kuelekea palepale alipopakimbia. Katikati ya saa hizo kumi nani alimfanya nini?

Baba mkubwa aliposema tena, sauti ilikuwa chini. "Mwanangu, nilikimbia. Sikuwa peke yangu, lakini mimi nakuambia miguu yangu." Alikimbia kwa kufuata barabara hadi pumzi zikamwishia. Gizani akasikia mtu anasema, "Maji hapa." Alikuwa kiongozi wake wa seksheni, amekaa kando ya barabara na dumu la maji katikati ya miguu. Alimpa kikombe. Akamuuliza jambo moja tu, kama bunduki anayo. Alikuwa nayo. Akamwambia akae pale nyuma yake. Wakaendelea kuja, mmoja mmoja, kiu imewakamata koo, na kila aliyefika aliulizwa vilevile, akapewa maji, akakalishwa.

"Hakutuuliza kwa nini tumekimbia," baba mkubwa alisema. "Kama angetuuliza, tungejibu. Na ukishajibu, umekwisha."

Nikamuuliza kwa nini walisimama kwa yule, wakati barabara ilikuwa na wakubwa wengi wanaoamrisha watu wasimame. Akashangaa swali langu. Kwa sababu maji ya seksheni ndiye aliyekuwa akiyabeba tangu Mutukula, alisema. Usiku ukiwa na kiu unajua uende kwa nani.

Naandika haya saa sita za usiku na mkono umechoka. Miaka yote nimekuwa nikitafuta maneno aliyoambiwa yule aliyegeuka. Kumbe kazi ilifanyika wiki nyingi nyuma, Mutukula, Masaka, kila jioni wakati wa kugawa maji, siku ambazo hakuna aliyekuwa na sababu ya kukimbia.

Ijumaa, 2 Agosti

Kulenga shabaha. Siku hii huwa natembea nyuma ya mstari nikitazama migongo tu. Mgongo hausemi uongo.

Kijana mmoja mwenye mwili mkubwa, mshambuliaji wa timu ya kombania, anayebeba gogo peke yake kwenye mazoezi, alilala kifudifudi na SMG yake na mabega yakawa yanatetemeka. Wenzake wa kushoto na kulia walishaanza kupiga. Koplo alinitazama, nikamwashiria anyamaze, nikalala mavumbini kando ya kijana.

Nilimwambia asitazame shabaha. Atazame kwanza kitako kama kimekaa begani barabara, bila mwanya, kisha shavu lilale juu yake. Halafu ncha ya mbele ikae ndani ya pengo la nyuma, ndipo shabaha ije yenyewe, hata ikiwa na ukungu. Vuta pumzi, itoe nusu, zuia. Triga haivutwi, inabonyezwa kidogo kidogo mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe. Nikamwambia pia kwamba kutetemeka hakumzuii mtu kupiga. Moyo unadunda, mtutu unapanda na kushuka nao, na kati ya pigo na pigo kuna utulivu mfupi. Ausubiri huo.

Ya kwanza ilipita juu. Ya pili iliinua vumbi chini ya ubao. Ganda la risasi liliruka likanigonga mkononi, la moto, na aliponiona sijahama akatulia. Tatu za mwisho zilikaa kwenye karatasi. Alipoinuka hakushangilia. Aliokota maganda yake yote, akayahesabu, akakabidhi bila kukumbushwa.

Rafiki zangu wengi kazini wanaamini hofu hutolewa kwa hofu kubwa zaidi: kijana akimwogopa mkufunzi kuliko bunduki, atapiga. Ni kweli atapiga. Siku ambayo mkufunzi hayupo atakuwa hana kitu mkononi. Nimebishana nao mesini mara nyingi juu ya hili, na nitaendelea kubishana.

Jumatatu, 12 Agosti

Simu imekuja ofisini saa tatu usiku. Baba wa kijana wa hanga la pili amefariki ghafla. Kuna njia ya kumwambia na kuna njia ya kumvunja. Sikumwita kwa jina mbele ya wenzake. Nilimtuma rafiki yake wa kitanda cha jirani aje naye kwa kisingizio cha kazi, nikawakalisha wote wawili, nikasema kwa sentensi moja fupi, baba yako amefariki leo jioni. Ukizungukazunguka unamtesa.

Mkuu wa kikosi ametoa ruhusa usiku huohuo. Koplo amepita kwa wakufunzi wenzake kuchanga nauli, na akamkunjia shuka na kumfungia begi kwa mikono yake. Gari la kikosi litampeleka stendi saa kumi. Yule rafiki ameomba aende naye hadi stendi, nami nimemkubalia.

Jumamosi, 24 Agosti

Zoezi la porini limekwisha leo asubuhi. Sijalala, lakini nataka kuandika kabla sijasahau mpangilio wa mambo.

Usiku wa kuamkia leo ilikuwa ruti machi kupitia msituni, kila seksheni na njia yake. Karibu saa nane wakufunzi wa kombania nyingine walipiga risasi baridi kutoka vichakani, kama ilivyopangwa. Vijana walijua kitu kitatokea, hawakujua wapi. Seksheni ya koplo ilitawanyika yote. Nilikuwa mlimani na redio, nikisikia vichaka vinavunjika kila upande.

Yule binti wa Lindi hakukimbia. Alilala chini kama alivyofundishwa, akangoja kimya kirudi, kisha akarudi kwenye njia na kusimama katikati yake. Kwa sauti ya kawaida akaanza kutaja upande alipo: "Njiani hapa. Chini ya mti uliolala." Akarudia, akarudia. Koplo alikuwa hatua chache tu kutoka alipo na angeweza kuchukua uongozi. Akanyamaza, akamwacha. Hilo ndilo nimeliwekea alama kubwa kwenye daftari la tathmini, kwa wote wawili. Miezi miwili iliyopita angemfunika kwa kelele.

Walikusanyika karibu wote ndani ya nusu saa. Aliyekosekana alikuwa yule mshambuliaji wetu. Tulimtafuta hadi mapambazuko, akajitokeza mwenyewe barabarani, bukta imechanika, chupa ya maji hana. Mkufunzi wa kombania jirani alitaka abiringishwe mchangani mbele ya wote ili iwe fundisho. Nilikataa, tena kwa sauti ambayo vijana waliisikia. Adhabu ninaitumia: mvivu ataruka kichura, mwizi wa zamu ya lindo atalala na jembe. Lakini aliyeogopa gizani na akarudi kwa miguu yake ameshafanya sehemu ngumu kuliko zote. Ukimwadhibu pale anaporudi, mara nyingine hatarudi.

Koplo alimfuata na chupa yake mwenyewe. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu kijana anakunywa, anafuta mdomo, anaingia kwenye nafasi yake mstarini, na mstari unasogea kumpa nafasi.

Jumapili, 1 Septemba

Leo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linatimiza miaka 60. Gwaride na nyimbo, na vijana wetu wanajiandaa kufunga mafunzo. Kwa fahari yote ya siku hii, nawaza mwanzo wake ambao hatuusemi sana.

Jeshi hili lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964 kwa sababu jeshi la kabla yake lilivunjika. Tarehe 20 Januari mwaka ule askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na siku iliyofuata wenzao wa Tabora wakafuata. Waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza. Madai yao yalijulikana: mshahara, na kwamba zaidi ya miaka miwili tangu uhuru bado wanaongozwa na maofisa wageni. Mwalimu alilazimika kuwaomba Waingereza waje kuwanyang'anya silaha, nao wakaja tarehe 25. Katika siku hizohizo kambi za Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya, nazo zilitikisika.

Siuungi mkono uasi. Askari anayeelekeza bunduki kwa serikali yake amevunja kila kitu anachokilinda. Lakini ninapowasomesha viongozi wadogo nawaambia waitazame Colito kwa macho ya hangani. Manung'uniko ya mshahara hayaanzi usiku mmoja. Yalikuwa yakisemwa jikoni, kwenye foleni ya chakula, wakati wa kusafisha bunduki, na mtu wa kuyasikia na kuyapandisha juu kwa heshima alikuwa sajini. Ama alisema asisikilizwe, ama aliona salama yake ni kukaa kimya. Ndiyo maana Jumamosi zangu za jioni nazitoa kusikiliza shida, hata ikiwa shida yenyewe ni sabuni imeibiwa. Jana ilikuwa sabuni. Tuliipata.

Jumatano, 30 Oktoba

Redio imetangaza kwamba jana amefariki Jenerali David Musuguri, akiwa na miaka 104. Mtoto wa Butiama, aliingia King's African Rifles mwaka 1942, akapigana Madagascar chini ya bendera ya wengine. Katika vita vya Kagera aliiongoza Divisheni ya 20, zikiwemo brigedi zile mbili za Lukaya, na baada ya vita akawa Mkuu wa Majeshi hadi mwaka 1988. Leo mesini hapakuwa na habari nyingine.

Nimempigia baba mkubwa kumpa pole. Alikuwa ameshasikia. Alisema jenerali alikuwa mtu mkubwa na anastahili mizinga yote watakayompigia. Kisha akaanza mwenyewe, bila kuulizwa, kumzungumza yule wa dumu la maji, ambaye hakupata cheo kikubwa wala kutajwa kwenye redio. Alirudi kijijini baada ya vita akalima, akafariki miaka mingi iliyopita kwa maradhi ya kawaida.

Nikamwambia kwamba koplo wangu ameitwa kozi ya usajini na ameondoka Jumatatu. Nikamwambia pia kwamba kabla ya kuondoka aliniomba daftari la majina, akanakili muundo wake: jina, anapotoka, kitanda, ugonjwa, nani nyumbani. Aliongeza safu ambayo mimi sikuwa nayo, ya kitu ambacho kijana anakifanya vizuri kuliko wenzake. Nimeiongeza kwangu pia, kwa ajili ya vijana wa kujitolea watakaoingia.

Baba mkubwa amenitajia jina kamili la kiongozi wake, ukoo wake, na kijiji, upande wa Serengeti. Nimeyaandika kwenye jalada la nyuma. Desemba nina likizo. Nitapitia kwanza Tarime kumchukua mzee, kama miguu yake itakubali, twende wote tukawaulize watoto wake kama baba yao aliwahi kuwasimulia lolote.